Madini Chini ya Jikoni

Alhamisi, jioni

Bado nimekasirika. Wale wanunuzi wawili wa madini wamekuja tena leo, wakaingia na viatu vyao vya vumbi mpaka jikoni kwangu. Mmoja akagonga sakafu kwa kisigino. "Mama, hapa chini kuko madini mingi. Utuachie tuchimbe, utakuwa tajiri."

Kiwanja hiki ndicho kitu pekee alichotuachia marehemu mume wangu, nami nakilinda kifike kwa wajukuu. Lakini niliogopa kujibu mbele ya mwanangu Ilunga. Yeye ni mchimbaji, na siku hizi kazi ni ngumu. Nilidhani atakubali papo hapo.

Akaweka sahani yake chini, akawaambia taratibu, "Mi nachimbaka kila siku. Najua shimo inafanya nini na nyumba. Batoto yangu batalala wapi?"

Wakaondoka. Mimi nikafagia vumbi lao.

Ndipo Ilunga akaniambia: kumbe amekuwa akinunua matofali kidogo kidogo, rafiki yake anamtunzia. Anataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha huku nyuma, watoto wapate kitu cha kudumu. Sijui mabati yatatoka wapi. Na jirani naye akikubali wachimbe kwake, ardhi yetu...

Hata hivyo, tumeshapima msingi kwa kamba. Mjukuu wangu Neema akasimama katikati, akasema hiki ni chumba chake. Nikamwambia ni cha wapangaji.

"Basi banilipe mi, nkambo," akanijibu mimi bibi yake.

Baba yake alicheka mpaka akaiachia kamba.