Mashimo Kumi na Mawili Mtaani kwa Bi Odessa

Baltimore, Jumapili

Baba yangu, shikamoo. Goti vipi, bado linakataa mlima? Na maji ya bwawa letu la ndiva yamefika mashamba ya chini, au wa juu wameyamaliza tena? Mimi mzima, ila viganja vimejaa malengelenge, na nayafurahia! Ngoja nikusimulie.

Unamkumbuka Bi Odessa, bibi mweusi wa hapahapa Marekani aliyenipangisha chumba? Mtaa wetu haukuwa na mti hata mmoja, Baba. Joto limeanza, yaani Makanya tupu! Vuka barabara kubwa, dakika tano kwa mguu, unakuta wazungu kwenye kivuli utadhani msitu wa Shengena. Nikauliza, kwa nini? Akasema, "Nenda maktaba, waombe ramani ya zamani." Unanijua, nilikwenda mbio.

Kwenye ramani hiyo mitaa ya weusi ilipakwa rangi nyekundu! Maana yake benki zisikopeshe mtu huko. Baba yake Bi Odessa alikuwa na kazi nzuri, akataka nyumba kule kwenye miti, akakataliwa kwa ngozi yake tu. Akanunua huku. Mambo hayo yalishapigwa marufuku, lakini nyumba ya huku mpaka leo haifiki bei ya kule, hata zifanane vipi. Kule wamerithisha watoto mtaji, huku wamerithisha paa linalovuja. Ni kama mfereji, Baba: ukizibwa juu miaka na miaka, hata ukizibuliwa leo, migomba ya chini ilishakauka.

Sasa, manispaa ikatangaza miche ya bure. Sharti: mashimo kumi na mawili yawe tayari Jumamosi saa tatu asubuhi, la sivyo gari linapeleka miche mtaa mwingine. Mwaka jana watu walikuwa hoi kwa kazi mbilimbili, hawakuchimba, miche ikaenda kulekule kwenye miti! Na Bi Odessa joto linambana kifua. Nikasema mwaka huu haiendi.

Nikafanya kama nyumbani siku ya kazi ya kijiji kizima. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nimesimama katikati ya mtaa, nagonga sufuria na mwiko: "Msaragambo! Msaragambo!" Baba, walitoka na nguo za kulalia wakidhani nyumba inaungua. Jirani yetu Curtis akafoka, "Wewe binti, una wazimu? Nani kafa?"

"Hajafa mtu! Tunachimba wote. Kwetu asiyetoka anatozwa mbuzi!"

Halafu Bi Odessa, kutoka barazani: "Curtis, una mbuzi wewe?"

"Mbuzi nimtoe wapi?"

"Basi shika sururu!"

Weee, mtaa mzima ulicheka, na makoleo yakaanza kutoka.

Gari linafika, shimo la mwisho bado nusu. Dereva anatazama saa. Curtis akapiga magoti, anachota udongo kwa bakuli la mbwa wake! Dereva akacheka mpaka akazima injini. Miche yote imepandwa, Baba. Yote!

Mchana nikamkuta Bi Odessa anaburuta kiti hadi kwenye mche wake, mwembamba kama fimbo yako.

"Bibi, hapo hakuna kivuli."

"Kipo. Kinatosha mguu mmoja. Nawahi nafasi."

Msalimie mama, shangazi mshonaji, na mjomba wa samaki kule bwawa la Nyumba ya Mungu. Mwenyekiti wa ndiva, yule aliyenitoza nilipokwepa msaragambo, mwambie nimemsamehe.

Nakwenda kumwagilia. Bi Odessa keshakaa, leo kaniwekea na kiti changu.

Binti yako mwenye malengelenge,
Naetwe