Pua Yangu na Koti la Baba Kawira

Jumatatu, 11 Januari 2016
Imla, darasa la tatu. Nimesoma: "Mama ananunua nanasi." Msichana wa mbele ameandika: "Baba adadudua dadasi." Sijui nimpe vema au kosa. Ndivyo nilivyotamka. Pua imeziba tangu Agosti na harufu sisikii kabisa. Mama mkwe, Ciakuthii, anasema nivute ugoro, itafunguka. Nimevuta. Nimepiga chafya hadi mbuzi wakatoka zizini. Haikufunguka.

Jumatano, 20 Januari
Meru, na mume wangu, Baba Kawira. Daktari ameingiza kamera puani. Kuna kinyama upande wa kushoto, kimesukuma ukuta wa katikati, ndiyo maana kulia pia hakupiti hewa.
"Vinyama vingekuwa laini na pande zote mbili nisingejali sana," alisema. "Hiki ni cha upande mmoja, kina vinundu kama koliflawa. Lazima kipimwe."
Amekata kipande. Nikamuuliza kama ni saratani. Akasema tungoje maabara.
Tumerudi Timau kwa matatu. Baba Kawira amenishika mkono mpaka Kiirua. Huwa hanishiki mkono mbele za watu.

Jumatano, 3 Februari
Si saratani! Ni papiloma. Ngozi ya ndani ya pua, badala ya kuota kwenda nje, imejikunja kuingia ndani. Lakini kitolewe chote: kikiachwa hula mfupa, na hata kikitolewa huweza kurudi.
Baba Kawira hakuelewa. Daktari akasema, "Kama soksi iliyogeuzwa." Baba Kawira akavua kiatu palepale, akageuza soksi, akauliza, "Hivi?" Daktari akasogeza kiti nyuma kidogo. Mimi sikusikia harufu yoyote.

Ijumaa, 19 Februari
Kimetolewa. Pua imejaa pamba. Baba Kawira amelia, anasema ni mafua.

Jumapili, 13 Machi
Harufu zimerudi. Asubuhi: udongo uliolowa mvua, kitunguu, sabuni. Nimekaa jikoni nikinusa kahawa kama mjinga.
Leo Baba Kawira anaapishwa kuwa mzee wa kanisa. Nimechukua koti lake kupiga pasi. Linanuka sigara. Si ya jana – ya miaka.
Nimemuuliza.
"Ni moshi wa jikoni, Mama Kawira."
Mama mkwe ameinamia kikombe chake, mabega yanatikisika kwa kicheko. Tunapika kwa gesi.
Baba Kawira anasema tunachelewa, wazee wanangoja, nimpe koti. Bado ninalo mkononi.