Fundi Nkwabi, Nimeichagua Ramani

Fundi wangu,

Mwangaluka, salamu yetu ileile ya Kisukuma. Tangu tukuzike, ngazi yako naibeba mimi. Kila nikiiegemeza kwenye nguzo nasubiri unikaripie kwamba sijafunga mkanda. Kisha naufunga mwenyewe. Nimekukumbuka mno.

Juzi tulikuwa na kikao cha bajeti. Ubishi ni uleule: tuendelee na ramani ya kompyuta inayoonyesha nguzo, swichi na transfoma zetu zote, au fungu hilo linunue nguzo mpya? Najua ungesema nini. "Ng'wanawane, mwanangu, ramani haizuii mchwa." Na kweli, nguzo za Somanda zimeliwa hadi aibu.

Lakini ngoja nikuambie ya Dutwa. Mvua iliangusha waya, mama mmoja akapiga simu: umelala njiani kwa Masunga, karibu na shule. Ramani ikatupeleka kwa Masunga. Tukakuta boma tupu. Kumbe Masunga kahamia ng'ambo ya mto na ng'ombe wake, na jina la mahali kaondoka nalo, kama kawaida ya huku. Hakuna aliyebadilisha kwenye ramani. Niliitukana kwa maneno yako yote.

Mto umejaa, hauvukiki, na watoto wanakaribia kutoka shule. Nikafungua ramani ileile, nikaona swichi inayolisha ng'ambo iko nyuma yetu, kwenye njia tuliyotoka nayo. Tukarudi mbio, tukakata umeme. Ng'ombe mmoja alikuwa keshakufa. Watoto walifika kwao wote. Bila ramani tungefuata waya kwa macho mpaka mto utuzuie.

Kwa hiyo kikaoni nilisimama nikakupinga. Nilisema ramani iendelee, ila awepo mtu wa kuzunguka vijijini kuirekebisha watu wanapohama, la sivyo ni hasara tupu. Meneja akakubali. Nguzo za Somanda zitangoja mwaka mwingine, na mimi nitazikagua kila wiki. Iliniuma, nilijiona kama nimekusaliti.

Kazi ya kurekebisha nimepewa mimi, nikaanza na mtaa wenu. Ramani inasema "Transfoma ya kwa Nkwabi", na utaratibu mpya ni kufuta jina la mtu ambaye hayupo tena. Nikamuuliza muuza vitumbua wa pale, hapa siku hizi mnapaitaje? Akanishangaa: "Si kwa Nkwabi?"

Basi nimeliacha. Na maadamu watu wanapaita hivyo, nakuahidi, halifuti mtu.

Lala salama, Fundi.

Mwanafunzi wako,
Maduhu