Sindano ya Esperanse

Alhamisi, Kalundu

Wivu, basi. Heri niuandike.

Wiki nzima dukani miye natafuta chombo cha kutoboa katriji zilizokwisha, vile vikopo vya sigara za umeme, ili tuzijaze tena maji yake ya ladha. Msumari ulizipasua. Waya wa moto uliziyeyusha. Leo Esperanse, mwenzangu wa meza moja, alileta sindano ya baba yake ya kushonea viatu. Tundu likatoka safi, halivuji.

Patroni, mwenye duka, akamwambia, “Weye uko fundi kweli!” Miaka minne hapa, mimi hajaniita hivyo.

Esperanse akaninyooshea sindano. “Shika, dada, nikuonyeshe.”

Akanishika mkono, nikatoboa vizuri mara ya kwanza. Akapiga vigelegele mbele ya wateja, kwa ajili yangu. Hapo ndipo iliniuma zaidi. Mimi nisingemwonyesha.