Kamba ya Jokofu Kuukuu

Jumatatu, 3 Machi

Jokofu jipya limefika saa nne. Refu, la kijivu, halina sauti. Mkwe wangu amelizunguka mara mbili kama anayenunua ng'ombe, kisha akalichomeka. Kuukuu limeburutwa hadi baraza ya nyuma, limeegemea ukuta wa chumba changu.

Mimi na marehemu mke wangu tulilinunua mkononi mwa mtu, tayari zee, mwaka ule tulipokubali kwamba haturudi tena kwetu. Hakuna anayenunua jokofu mahali anapopita tu. Kishikio chake cha chuma. Ukifunga, kitasa kinalia kama taya.

"Baba, umeshaliaga?" binti yangu kaniuliza. "Majirani wasije wakaniuliza tumelizika lini."

Nikacheka. Kidogo.

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa friji amekuja kunyonya gesi. Ameihifadhi kwenye mtungi wake. Anasema wenzake wengi hukata mrija tu, gesi ikaenda zake. Mtu makini. Alipomaliza aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Akauliza kama kuna mtoto humu.

Nikamwambia yupo, mjukuu wangu wa kike, miaka sita. Tunamwita Kijiko, kwa kuwa hakosekani penye sukari.

"Basi mzee, tung'oe mlango leo leo. Za siku hizi ukisukuma kwa ndani zinafunguka. Hii kitasa chake kinauma. Aliye ndani hatoki. Na akipiga kelele humsikii, kuta zimejaa pamba."

Bisibisi ilikuwa tayari mkononi. Nikamzuia.

Niandike sababu, maana hapa simdanganyi mtu. Nalitaka kwa vitabu vyangu. Karatasi zangu zimeliwa na mchwa katika miji miwili, zikaloa katika wa tatu. Jokofu lililokufa halipitishi panya, unyevu wala vumbi — mradi mlango uwe mahali pake.

Fundi akairudisha bisibisi mfukoni. "Basi lifunge kamba. Kila siku, mzee."

Nikamjibu kwamba mtu aliyehama mara tano hafundishwi kufunga mzigo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepanga. Vitabu thelathini na vinane. Barua za mke wangu. Hati ya nyumba ambamo sijui leo analala nani. Kamba ya katani, mizunguko miwili, na fundo alilonifundisha baba. Asiyejua ncha ya kuanzia atavuta mpaka kucha zitoke.

Kijiko alikuja kusimama nyuma yangu.

"Babu, humo kuna nini?"

"Kuna mji."

Akataka kuuona. Nikamfungulia. Akaingiza kichwa, akanusa, akasema mji wangu unanuka kitunguu.

Nikafunga. Nikavuta fundo mara mbili kuhakikisha.

Jumapili, 9 Machi

Mchana, nikiwa nimejilaza, nimesikia ukutani: ko, ko. Jokofu hilo lilikuwa na tabia hiyo, injini ikizimika linagonga mara mbili tatu kama mgeni mwenye adabu. Lakini sasa halina umeme. Nimeweka sikio ukutani. Kimya.

Mazoea ya masikio. Hata mashine ya kusaga ya mtaa wetu wa zamani huwa naisikia, na ni miaka arobaini na moja.

Nimetoka kuangalia kamba. Ipo.

Jumatano, 12 Machi

Binti yangu amekutana na fundi dukani. Fundi kamuuliza: mlango mliutoa? Yeye hajui lolote. Amerudi amekasirika bila kupaza sauti, ndiyo hasira mbaya.

"Baba, mbona hukuniambia?"

Nikamwambia fundo langu halijapata kufunguka lenyewe, tangu nizaliwe.

"Fundo silitilii shaka. Lakini mkono unaolifunga una miaka sabini na minane."

Mkwe akajaribu kusuluhisha: mama Kijiko, mzee ana akili zake. Akaambiwa na yeye atafungwa kamba pamoja nalo.

Limekwisha. Jumamosi lori la wanaokusanya vyombo vibovu litakuja. Wanalitaka tupu, rafu zitolewe. Sikubisha. Niliomba tu nilifungue mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Lori liliahidi saa tano. Sasa ni saa tano na nusu, na binti yangu na mumewe wametoka kwenda kulisubiri njia panda, dereva asipotee.

Kazi yangu nimeimaliza. Vitabu vyote viko kitandani, barua ziko mapajani. Mlango wa jokofu nimeurudishia. Kamba nimeikunja vizuri, ipo hapa mezani kando ya daftari. Mzigo ukishatoka, kamba ya nini? Kitu kitupu hakifungwi.

Kijiko na mtoto wa jirani wanacheza kujificha. Mtoto wa jirani ndiye anayehesabu, na anairuka kumi na tatu kila mara. Amechungulia dirishani kwangu.

"Babu, Kijiko yuko humo?"

"Hayumo. Na angekuwemo, unadhani ningemsaliti mke wangu?"

Akaenda anacheka.

Barua ya kwanza ya mke wangu ina doa la maji pembeni. Neno moja tu limefutika, na siku zote nimelisoma "kesho". Leo kwenye mwanga naona huenda ni "kamwe". Nimelitafakari sana neno hilo.

Mtoto wa jirani amerudi dirishani. Safari hii hacheki.

"Babu, mwambie atoke. Nimeshindwa. Nimemwita kila mahali."

Nimemwambia aende akaangalie chini ya meza ya jikoni, Kijiko hakosekani penye sukari. Amesema huko ameshaangalia mara mbili. Nimemwambia aangalie ya tatu.

Sasa ukutani: ko. Ko, ko. Masikio yangu yale yale. Yatalia hivyo hata likishaondoka. Halina umeme, halina gesi, halina hata rafu — asubuhi Kijiko ndiye aliyenipokea ya mwisho, akaniuliza, babu, mbona humu ndani pamekuwa pakubwa hi