Muhuri Mkobani

Jumanne, 16 Agosti 1994

Wiki nzima muhuri wa shirika ulikuwa ndani ya mkoba wangu huko Mvumi, nilikokwenda kumuuguza mama.

Na kabla sijaondoka niliwaambia wafanyakazi wote, "Nisipokuwepo, Mwajuma ndiye mkurugenzi." Wakapiga makofi. Wafadhili nao nilishawaandikia kwamba namwandaa binti huyu wa Kondoa ashike nafasi yangu. Siku hizi mashirika yanaota kama uyoga, na mengi yanakufa na waanzilishi wake. Letu halitakuwa hivyo, niliandika.

Leo asubuhi nimekuta barua sita mezani. Zimepigwa taipu vizuri, Mwajuma amezisaini, na hakuna hata moja iliyotoka, kwa kukosa muhuri. Ile ya kuomba pampu ya kisima cha Msalato, mwisho wa kupokelewa ulikuwa Ijumaa.

Mwajuma akaniamkia, akanipa pole ya kuuguza. Nikamuuliza kwa nini hakumtuma mtu aje kuuchukua muhuri.

"Nilijua umeondoka nao makusudi, mama."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nilitaka kumwambia nilisahau. Lakini nakumbuka nilivyoufunga kwenye leso, nikautia mkobani, nikavuta zipu.

Mchana nimemkabidhi muhuri mbele ya wote. Makofi tena. Nikajisikia mwepesi, hata nikatembea kwa miguu hadi nyumbani.

Sasa hivi, nikitafuta miwani, nimekuta kikasha cha wino wa muhuri. Bado kimo mkobani.