Nimo Ndani ya Gari

Kwako kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za mama, ambaye ameketi hapa pembeni akijifanya anakunja nguo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kifua kilichokusumbua kimekuachia. Ukituulizia sisi, tunalala na kuamka, na tunakula tunachoweza kumeza. Uzima upo. Furaha ndiyo haijarudi tangu tumzike baba, wala hatujaiulizia.

Ujumbe wako tumeupata. Umesema kazini wamekupa ruhusa hatimaye, utakuja mwisho wa mwezi, na umeagiza gari lioshwe na litiwe mafuta ili uliendeshe mwenyewe kwenda makaburini, mama akiwa kiti cha mbele. Halafu mwishoni kabisa ukauliza ilikuwaje baba akachelewa kufikishwa hospitali wakati gari lilikuwa mlangoni. Hapo mama alinitaka nirudie kusoma, kisha akainuka akaenda chumbani kwake. Nilikasirika, kaka, sikufichi. Nilikuandikia jibu la moto, nikalichana. Hili ni la pili, na mama ameliridhia. Amesema niandike mimi kwa sababu yeye hataweza.

Unaikumbuka siku ulipolileta lile gari. Honi ililia getini, baba akatoka na wino wa kiwandani bado vidoleni, akakataa kushika mlango asije akauchafua. Mtu aliyekwenda kiwanda cha uchapaji kwa baiskeli tangu sisi hatujazaliwa, leo mwanawe anamkabidhi ufunguo wa gari dogo jeupe. Alilia, akasingizia vumbi. Wewe ukaondoka keshokutwa yake, na gari likakusindikiza hadi kituoni bila kukohoa. Nadhani lilikuonea haya.

Wiki ileile likaanza kuchemka. Fundi wetu wa mtaani unamjua, yule tunayemwita Bado Kidogo, maana ukimuuliza lolote kuhusu gari lako jibu lake ni hilohilo. Alifungua boneti, akanusa, akasema rejeta imeziba. Ikazibuliwa. Kumbe na gasketi imeungua. Ilipobadilishwa gasketi, gari likaanza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu, na majirani wakawa wanaanua nguo zao wakisikia linawashwa. Ikaja zamu ya honi: kila baba alipokata kona ya kushoto ililia yenyewe, watu wakidhani wanasalimiwa wakampungia mkono, naye akawapungia, kwani angefanyaje? Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Vioo vya nyuma vilishuka vikagoma kupanda, nikavishonea mapazia kwa vitambaa vya wateja vilivyobaki kwenye cherehani yangu. Ukiziba huku, kule kunafumuka. Bado Kidogo mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa akila hapo, alimshauri baba aliuze, akamwambia gari kuukuu ni mgonjwa asiyepona wala kufa. Baba akamjibu kwamba zawadi haiuzwi.

Ya bima na matairi sitakuhesabia. Nitakwambia moja tu. Giaboksi ilipoanza kuteleza, baba aliuza baiskeli yake anunue giaboksi nyingine. Hiyo nyingine nayo ilikuwa kuukuu kama ile ya kwanza, ikafa kabla mvua hazijaisha. Tangu hapo gari halikutoka tena getini, na baba alikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu mpaka alipostaafu. Kwa hiyo siku aliyoanguka, gari lilikuwa mlangoni kweli, kama ulivyosema, na paka wa jirani alikuwa amelala juu ya boneti. Nilikimbia mtaa mzima kumtafuta seremala mwenye pikapu, nikamkuta yuko juu ya paa la mtu anapigilia misumari. Hapo ndipo tulipochelewa.

Najua utauliza mbona hatukukwambia. Mama alitaka, na mimi nilitaka zaidi, mdomo wangu unaujua. Baba ndiye aliyetukataza. Alisema mtoto amejinyima ujana wake akanunua kitu kwa jasho lake, leo nani amwambie kwamba aliuziwa mbuzi kwenye gunia? Mimi alinivuta sikio, mtu mzima mwenye wateja wake, akaniambia Kidomo, hili limeze. Nikalimeza. Limenikaa hapa kooni hadi leo.

Tabu ni kwamba baba hakuweza uongo. Ulipopiga simu Jumapili jioni, hakuipokea ndani ya nyumba. Alitoka mbio na ndala zake, akafungua mlango wa gari, akaketi nyuma ya usukani, akaufunga mlango, ndipo akasema halo. Ukimuuliza gari vipi, alisema lipo, nimo ndani yake sasa hivi, mwanangu. Na alikuwemo! Alituambia kwamba hajakudanganya hata siku moja, na alikuwa akijipongeza kwa akili hiyo. Ila jibu lako hakulipigia hesabu. Wewe, kwa kumpenda, ulimwambia basi baba, usiongee na simu huku unaendesha, tutaongea ukifika. Ukakata.

Kila Jumapili, kaka. Mimi na mama tulimwona kupitia dirishani, simu bado ameibana sikioni. Akirudi ndani, mama alimuuliza mbona upesi hivyo, naye alisema mtoto ana busara, hataki nipate ajali. Nilimwambia akupigie tena. Alikataa. Alisema ataanzaje kukwambia amefika, amefika wapi, na yeye hakwenda popote?

Sasa nakuja kwenye lile ambalo mama amelinyamazia mpaka leo, na ambalo nimeshaliacha mara mbili nikaenda kunywa maji.

Jumapili ya mwisho kabla hajaanguka, kifua kilikuwa kimeshaanza kumbana. Alimwambia mama kwamba leo atakuomba uje, anataka kukuona, basi, hana zaidi. Simu ilipolia akaenda garini kama kawaida yake, safari hii akitembea polepole. Tulimwona anaanza kusema, kisha ananyamaza, kisha anaitikia kwa kichwa, kana kwamba unamwona. Nawe ulimwambia lile ulilomwambia siku zote. Lakini hakurudi ndani. Chakula kilipoa, mama akamfuata, akamkuta ameshika usukani kwa mikono yote miwili, macho mbele. Alimwambia mama amwache kwanza, anangoja afike. Alikaa hapo kwa kadiri ya mwendo wa kutoka nyumbani hadi kiwandani. Kisha akalegeza mikono, akavuta breki ya mkono, akakupigia.

Simu yako iliita mpaka ikanyamaza. Ile uliyoikuta baadaye, ukadhani amebonyeza kwa bahati mbaya, ndiyo hiyo. Alikuwa amefika.

Sikuandikii haya nikuumize, ingawa najua yatakuumiza, na mimi mwenyewe naandika kwa machozi. Nimeona ni afadhali uyasome huko kuliko uje uzungushe ufunguo mbele ya watu, gari likukalie kimya. Wewe huna kosa, na yeye hana kosa. Mlipendana, mkapishana. Kama kuna wa kulaumiwa ni yule aliyekuuzia, na huyo hatujui hata jina lake.

Gari tumeliosha mimi na mama, kama ulivyoagiza. Bado Kidogo anataka kulichukua kama chuma chakavu, mama amemwambia, kwa mara ya kwanza, bado kidogo. Anataka uketi humo kwanza. Makaburini tutakwenda kwa miguu, si mbali, mama anaweza.

Seremala anakusalimu, na majirani wote. Mama anakuombea safari ya heri. Amesema ukiwa njiani utupigie simu, hata kama umo ndani ya gari. Nikwambie kwamba yeye hatakata.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo